Anaboa, au Hamna Stori?

Mwezi huu nakuletea neno la Kichina. Usicheke! Lami ya Newala mpaka Masasi walipewa makandarasi wa Kichina, na sisi wa huku tukaanza kuokota maneno. Mimi nimeokota wúliáo. Silabi zote mbili sauti inapanda, kama unauliza swali. Maana yake kitu kisicho na mvuto, yaani kinaboa. (Wengine husema "nimeboreka". Jamani, kuboreka ni kuwa bora!)

Wú ni "bila". Liáo zamani ilikuwa kuegemea kitu, kwa hiyo neno zima ni kukosa pa kuegemea. Lakini Kichina cha leo, liáo ni kupiga stori. Bila stori! Hiyo ndiyo imenikaa kichwani.

Sasa, nina shoga yangu Masasi. Mchumba wake yuko Newala: mtulivu, ana mikorosho yake, hana mambo ya vimada. Barua ya posa imeshajibiwa. Juzi shoga ananiambia anataka kumtosa. Kisa? "Anaboa."

Nikamletea Kichina changu. Ukisema wǒ hěn wúliáo, ni wewe uliyechoka kukaa bure. Sinema nayo ikiwa mbovu, neno ni hilo hilo. Ila ukimwambia mtu nǐ zhēn wúliáo, hapo umemtukana, kwamba ni mtu wa upuuzi. Nikamuuliza, mwenzangu, wewe una maana ipi?

Kimya. Halafu akafunguka. Msimu wa korosho jamaa anaongelea bei ya mnada tu. Msimu ukiisha, hata hiyo hamna. Na yeye je? Anataka kurudi shule akasomee uuguzi, mwaka wa pili huu, mchumba hajui. Anangoja aulizwe!

Kwa mtazamo wangu, mwanaume mkimya si lazima awe anaboa. Ila kuingia ndani ukitegemea ataanza kuongea baada ya harusi, hilo sikushauri hata kidogo.

Jumamosi anapanda Newala. Nimemwambia wakakae Shimo la Mungu, pale ukingoni unapoliona bonde la Ruvuma, simu zizimwe, na achukue sweta maana jioni kuna baridi. Aanze yeye, na hiyo habari ya shule. Jamaa akiitikia "sawa" tu na kurudi kwenye korosho, basi mshenga aitwe mapema, mahari bado haijatoka.