Ghorofa za Brentford na barua tusizoandika

Ndugu zetu wa nyumbani wakisikia London hakuna nyumba hushangaa, maana kila picha wanayotumiwa ina winchi za ujenzi nyuma yake. Basi leo tuwapeleke Hounslow, magharibi ya jiji, pale Brentford ambapo barabara kuu ya M4 inapita juu ya vichwa vya watu. Hapo ziliombwa ruhusa mbili za kujenga ghorofa za kuishi, viwanja vyenyewe haviko mbali. Moja ilikataliwa, moja ilikubaliwa.

Ya kwanza ilikuwa ya jengo lililoitwa Chiswick Curve, ghorofa 32, nyumba 327. Halmashauri ya Hounslow ilikataa, waombaji wakakata rufaa, na mkaguzi wa serikali aliyesikiliza pande zote akapendekeza wakubaliwe. Julai 2019 aliyekuwa Waziri, James Brokenshire, akatofautiana na mkaguzi huyo na kukataa. Ng'ambo ya mto Thames kuna bustani ya Kew, ambayo UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2003, na jengo hilo lingeonekana ukiwa ndani yake.

Ya pili ilikuwa ya kiwanja kilichokuwa cha magari ya Citroen. Nacho kinaonekana kutoka Kew, na wakubwa wa bustani walipinga vilevile. Halmashauri ilitaka kukataa mwaka 2018, lakini Meya wa London, Sadiq Khan, ambaye kisheria hupelekewa kila ombi la nyumba zaidi ya 150, akalichukua mwenyewe. Hakulipitisha lilivyokuja. Nyumba za bei nafuu zilikuwa asilimia 40. Zikapandishwa hadi 50, katika jumla ya nyumba 441. Serikali kuu nayo ikaliita kwake, uchunguzi ukafanyika hadharani, na mwaka 2020 Waziri Robert Jenrick akaridhia. Alikubali kwamba mandhari ya Kew yataguswa, ila akaona faida ya nyumba hizo ni kubwa kuliko dosari hiyo.

Sisi tunaona uamuzi wa pili ulikuwa wa haki, na haukupatikana kwa kuwapuuza wapinzani. Hoja zao zilijibiwa moja moja, na mradi ukatoka mezani ukiwa bora kwa mpangaji kuliko ulivyoingia. Wazanzibari wanaotusoma wanaijua kesi inayofanana na hii: pale Mambo Msiige, Mji Mkongwe, UNESCO ililalamikia ukubwa wa jengo jipya la hoteli, na hoteli ikafunguliwa mwaka 2015. Tofauti ni kwamba kule Brentford kilichowekwa upande wa pili wa mizani kilikuwa makazi ya watu.

Sasa tuulizane sisi kwa sisi. Hounslow ina watu wetu wengi, wakiwamo waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 na watoto wao, na wengi wanaofanya kazi Heathrow usiku na mchana. Wapo wanaolala wanne chumba kimoja. Bustani ya Kew ina mawakili. Anayelala wanne chumba kimoja ana barua yake tu, na mara nyingi haiandiki. Tangazo likibandikwa kwenye nguzo ya taa tunalipita kama tangazo la paka aliyepotea.

Kuandika hakuhitaji uraia wala Kiingereza cha bungeni. Kwa kawaida zinatolewa siku 21. Ukiandika kwamba nyumba yako itashuka bei, au kwamba dirisha lako litakosa mandhari, hoja hiyo haihesabiwi (Kew inahesabiwa kwa sababu ni urithi, dirisha lako si urithi, utuwie radhi). Zinazohesabiwa ni mwanga kuzibwa, kuchunguliwa na jirani, kelele, msongamano wa magari, na nafasi za shule na zahanati. Barua ya kuunga mkono nayo inasomwa, na hizo ndizo adimu.

Kuna swali moja tunawaomba msilisahau: hizo za bei nafuu ni za aina gani? Ndani ya jina hilo kuna nyumba za kupanga kwa kodi ya chini kabisa, na kuna za kununua nusu na kulipia kodi nusu, ambazo mfagiaji wa uwanja wa ndege hazigusi. Asilimia 50 inaweza kuwa neema au kiini macho, kutegemea mgawanyo huo. Vilevile ulizeni umeme. Mwaka 2022 ofisi ya Meya iliwaonya wajenzi wa Hounslow, Ealing na Hillingdon kwamba baadhi ya miradi mikubwa huenda ikasubiri miaka mingi kuunganishwa, kwa kuwa vituo vya kompyuta vimeshachukua nafasi kubwa kwenye gridi. Kibali bila umeme hakimlazi mtu.

Mwenye tangazo mtaani kwake wiki hii asome tarehe ya mwisho iliyoandikwa hapo, na namba ya ombi, kisha aandike.