HURUMA YA SISTA ISIFANYWE MSHAHARA WAKE



Yako maneno yasemwayo na wakubwa kila mara wauguzi wanapodai haki yao, ya kwamba uuguzi ni wito, na mwenye wito hahesabu saa. Sisi tuliosomeshwa na Wamisheni twalijua sana neno hili wito. Tumeliimba tungali wadogo. Lakini tumeona ya kuwa huambiwa mwuguzi, na mwalimu, na katekista, wala hatujasikia hata siku moja likiambiwa tajiri anayeiuzia hospitali dawa.

Mtu atauliza, chama cha reli kina nini na mambo ya wodi? Watoto wanaolazwa humo ni watoto wetu. Huku ukingoni mwa ziwa malaria haina likizo. Chanjo yake ilipoanza kutolewa Kenya, Septemba 2019, ilianzia Homa Bay, wala haikuwa bahati nasibu. Nyumba gani katika landhi zetu ambayo haijapata kukimbiza mtoto usiku, mwili wa moto na viganja vyeupe kwa kupungukiwa na damu?

Basi wenzetu waliokesha huko wamemwona Sista mmoja wa wodi ya watoto. Hatutaji jina lake wala la hospitali, asije akaitwa ofisini kwa ajili yetu. Amepewa binti aliyetoka chuoni juzi, naye amfundisha kazi. Hamkemei mbele ya mama wa mtoto. Humwambia, “Ngoja kwanza, mwanangu, tumpime tena,” naye binti hujibu, “Ndiyo, Sista,” wakarudi kwenye mizani. Kwa nini mizani? Kwa sababu sindano ya artesunate, ambayo ndiyo dawa ya malaria kali, hutolewa kwa uzito. Mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo, na aliyefikia kilo 20 hupewa 2.4. Mdogo ndiye apewaye zaidi kwa kilo! Asiyeonyeshwa ataona kama kitabu kimekosea.

Tena amfundisha kuhesabu matone ya dripu kwa saa mkononi, asiyafungulie mbio kwa hofu. Jambo hili lina historia. Mwaka 2011 ulitolewa uchunguzi uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na damu isiyozunguka vema. Ilionekana ya kuwa waliomiminiwa maji upesi mshipani walikufa wengi kuliko wasiomiminiwa. Mkono wa mgeni una haraka, ndugu zetu. Kinachoutuliza ni mkono wa pili ulio karibu.

Na mtoto akifa, Sista hamwachi yule binti akalie chooni peke yake. Humshika bega, wakaenda pamoja kwa mama, wakasimama naye. Kisha humpa chai, ndipo zamu iendelee.

Sasa tazameni orodha ya zamu. Sista ameandikwa mmoja, na binti ameandikwa mmoja, jumla wauguzi wawili kamili, na vitanda vimegawanywa hivyo. Kufundisha hakukuandikwa po pote. Kwa hiyo Sista hufundisha katika saa yake ya kula, na baada ya zamu, huku matatu ya mwisho ikimwacha. Hiyo twaita kazi isiyolipwa. Wakubwa waiita huruma.

Reli ilifika ziwani hapa mwaka 1901, na tangu zamani mtu hakukabidhiwa gari moshi kwa kuwa amefaulu mtihani tu. Dereva mpya huifunzwa njia na dereva mzee. Kutoka Mau Summit, zaidi ya futi 8,000 juu, ateremke Fort Ternan, Muhoroni, Miwani, Kibos, hata Kisumu, akijifunza mahali pa kushika breki. Nani angethubutu kuwaambia madereva wawili hao, kila mmoja achukue gari lake? Mabehewa ya sukari yana mwalimu, na mtoto wa kilo nane hana!

Wapo wanachama watakaosema wauguzi wengine wana ulimi mkali. Ni kweli, tumewasikia. Lakini mwulizeni huyo mwenye ulimi mkali, siku yake ya kwanza aliachiwa vitanda vingapi, na nani alikuwa pamoja naye.

Watasema pia fedha hakuna. Tangu 2013 hospitali nyingi zi mikononi mwa kaunti. Kaunti husema Nairobi haileti fedha, na Nairobi husema fedha zimekwenda. Wauguzi waligoma tangu Juni hata Novemba 2017, na wenye shida ndio waliolipa kwa watoto wao. Wakati huo wote wako vijana wenye vyeti vya uuguzi waliokaa nyumbani bila kazi. Julai 2021 Serikali yetu ikatia sahihi na Uingereza mkataba wa kuwapeleka wauguzi wa namna hiyo huko. Na huko Uingereza mwuguzi mpya huwekwa chini ya mwenzake mzoefu kwa miezi, na muda huo hutambuliwa kuwa ni kazi. Kumbe jambo lawezekana.

Twataka orodha ya zamu iseme kweli. Binti asihesabiwe mtu kamili katika miezi yake ya kwanza. Sista apunguziwe vitanda wakati anapofundisha, na saa zile zilipwe kama saa nyingine zo zote. Chama cha wauguzi kikipeleka madai haya kwa kaunti, kisipelekwe peke yake. Walio na watoto waliolazwa mwaka huu waje mkutano wa tawi, na kila mmoja aseme usiku ule wodini walikuwapo wauguzi wangapi, na watoto wangapi.