Jeep ya kukodisha: tuhesabu siku kabla ya kuhesabu viti



Juma lililopita tuliahidi kuleta hapa lile neno lililotukalisha chini ya mwembe hata jua likazama: je, makundi yetu sita yanunue jeep ya kifahari ya kukodisha kwa wageni, au tuache? Wengi wametuuliza njiani, sokoni, na hata mlangoni mwa darasa. Leo tunajibu, na tunaweka hesabu yote mbele yenu, kwa sababu pesa ni yenu.

Kwanza tuseme wazi kwamba wazo lenyewe lilikuwa zuri. Bogoro iko kwenye barabara ya Bunia kwenda Kasenyi, kama kilometa 25 kutoka mjini, na njia ya Geti inapitia kwetu pia. Wageni wanashuka kwa ndege kwenye uwanja wa Murongo: waganga, wafanyakazi wa mashirika, wafanyabiashara, wapadri na wachungaji, watu wa miradi. Hawataki kupanda moto wakiwa na sanduku na kompyuta. Wanataka gari safi, yenye kufunga vioo, yenye mkanda na hewa baridi, na shofere anayefika kwa saa. Tena kuna harusi. Siku ya posho mjini Bunia, bibi arusi anatafutiwa gari inayong'aa hata kama nyumba ya kuhamia haijaezekwa. Kwa hiyo wateja wapo. Swali ni wangapi, na siku ngapi kwa mwezi.

Sasa tukumbushane pesa yenyewe. Makundi sita, wamama 25 kwa kila kundi, ni wamama 150. Kila mama ametoa dola 2 kwa mwezi kwa miezi 36. Sandukuni kuna dola 10 800. Hapa kwetu hiyo si hesabu ya karatasi tu. Bogoro inajua maana ya kuanza toka sifuri. Tarehe 24 Februari 2003 nyumba zilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa, na watu wetu wakauawa. Ilichukua muda hadi tarehe 24 Machi 2017 ndipo majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai walipoamuru fidia katika kesi ya Germain Katanga: watu 297 walitambuliwa, kila mmoja dola 250 kama ishara, pamoja na misaada ya pamoja ya nyumba, masomo, kazi za kuleta mapato na uponyaji wa moyo. Mama aliyengoja miaka 14 kusikia neno hilo anajua dola 2 zinatoka wapi. Hatuwezi kuzichezea.

Mkutanoni, mama mmoja alituletea picha kwenye simu. Mkwe wake anayefanya biashara Kampala ameona Range Rover nyeusi, viti vya ngozi, bei dola 10 500. Wamama walipiga vigelegele. Tuliona aibu kidogo kuwa sisi wa kwanza kuuliza: na duwane? Na plake? Na asiransi? Na mafuta ya kuitoa Kampala? Bei ile ingemaliza sanduku lote kabla gari haijavuka mpaka. Mama mtunza sanduku alinyamaza, akafunga kitabu chake. Hapo ndipo tuliomba juma mbili za kwenda kuuliza mjini.

Tulienda wanne. Tulikaa kwenye magaraji, tukauliza mafundi, shofere na wenye kukodisha magari. Haya ndiyo tuliyojifunza juu ya aina za gari.

Range Rover ni gari ya heshima duniani tangu 1970, na ndani yake mtu anakaa kama sebuleni. Lakini nyingi zake zinabebwa na mifuko ya hewa badala ya springi za chuma, na kazi nyingi zinaendeshwa na kompyuta. Mfuko mmoja ukitoboka, gari inalala chini kama ng'ombe mgonjwa. Fundi anahitaji mashine ya kusoma kosa, na piesi inaagizwa mbali. Wakati unangoja piesi, mteja anaenda kwa mwingine.

Toyota Harrier ni nzuri kwa macho na bei yake ni ndogo. Ni laini, na bibi arusi anaipenda. Lakini mwili wake umejengwa kama wa gari ndogo ya mjini. Inafaa Bunia na njia ya uwanja wa ndege. Kwenye mteremko wa kushuka ziwani Kasenyi, wakati wa mvua, matope yakishika tumbo lake, abiria wa kifahari watashuka kusukuma.

Land Cruiser ile ya kazi, ya viti vya ubavuni nyuma, haina mshindani kwa nguvu. Inatengenezwa tangu 1984 na sura yake haijabadilika sana, kwa hiyo karibu kila fundi anaijua na piesi hazikosekani. Lakini mama mzee kupanda kule nyuma ni kazi, na hakuna bwana arusi atakayemkalisha mkewe kwenye benchi. Hii ni gari ya mizigo na ya miradi.

Prado iko katikati. Ina chesi ya chuma kama kamiyo, inavuta magurudumu yote manne, ina viti saba vinavyotazama mbele, na ya mazuti haili sana kama ya esansi. Imevaa vizuri vya kutosha kwa harusi, na inashuka Kasenyi bila kuomba msamaha. Mafundi watano tuliowauliza, wanne walisema Prado ya mazuti. Wa tano alisema tununue ng'ombe.

Neno moja juu ya volani. Uganda wanaendesha upande wa kushoto, Kongo upande wa kulia. Gari nyingi zinazopitia Kampala zina volani upande wa kulia. Shofere wa gari ya namna hiyo, akiwa nyuma ya kamiyo katika vumbi, haoni mbele mpaka atoe gari karibu nzima barabarani. Mmeona wenyewe ajali zinavyotokea. Kama tunauza usalama kwa wageni, tutafute ya volani ya kushoto, hata ikiwa bei inapanda kidogo.

Sasa tuandike hesabu kama ubaoni. Tuseme mteja analipa dola 80 kwa siku, na mafuta ananunua mwenyewe. Kila mwezi, gari ikifanya kazi au isifanye, sisi tunatoa hivi:

Mshahara wa shofere: 150.
Oili, filta na matengenezo: 150.
Akiba ya mipira: 70.
Asiransi, vinyeti na karatasi nyingine: 60.
Mlinzi na kuosha: 40.
Akiba ya kununua gari nyingine hii ikizeeka: 150.

Jumla ni dola 620. Gawa kwa 80: unapata karibu siku 8. Siku 8 za kwanza za kila mwezi, gari inajilisha yenyewe. Ni siku ya 9 ndiyo inaanza kulisha wamama. Ikifanya siku 20, inabaki dola 980. Ikifanya siku 5, tunapoteza dola 220, na tutazitoa wapi kama si mifukoni mwetu? Kwa gari ya kompyuta nyingi, weka matengenezo 400 badala ya 150: jumla inafika 870, na inatakiwa siku 11 kabla mama hajaona hata franga moja.

Watu wengi wanafanya hesabu ya siku 25. Hapa Ituri, tangu tarehe 6 Mei 2021 tuko katika hali ya dharura ya kijeshi, na sote tunajua barabara inaweza kufungwa asubuhi bila kuuliza nani amekodi gari. Mvua nayo ina miezi yake. Gari iliyosimama haidai majani kama ng'ombe, lakini shofere anadai, mlinzi anadai, na kodi inadai.

Ndiyo maana komite ilichagua kujaribu kwanza. Tulipata mwenye Prado mjini aliyekubali hivi: sisi tukimletea mteja wa dola 80, yeye anachukua 50 pamoja na shofere wake, sisi tunabaki na 30. Hatununui chochote. Tulipeleka jina letu kwenye parokia, kwenye nyumba za wageni, kwa wapiga picha wa harusi na kwenye ofisi za miradi. Tulifungua daftari. Mwezi wa kwanza tulipata siku 9. Mwezi wa pili siku 6, kwa sababu juma moja na nusu hakuna aliyetaka kutoka mjini. Siku 15 kwa dola 30 ni dola 450, zimeingia sandukuni, na dola 10 800 zenu hazijaguswa.

Lakini angalieni: wastani ni siku 7 na nusu. Hesabu yetu inadai 8 ili gari isitule. Tungekuwa tumenunua, leo tungekuwa tunachangisha.

Kwa hiyo mkutano uliamua, kwa mikono 97 dhidi ya 38, wengine hawakufika: hatununui sasa. Tunaendelea na daftari. Tukiona miezi mitatu mfululizo ya siku 12 au zaidi, na sanduku likiwa na bei ya gari pamoja na karatasi zake zote na gharama za miezi mitatu juu yake, tutanunua Prado ya mazuti, ya volani ya kushoto. Tunajua wale 38 wamekasirika. Mama mmoja alituambia, "Mwalimu, mnahesabu mpaka bahati inachoka kungoja." Tumelipokea. Hata hivyo, bahati ikirudi itatukuta na sanduku.

Kwa makundi mengine yanayofikiria kazi hii, tunaacha mashauri manne.

Moja: usinunue kwa picha. Nenda na fundi wako, si wa muuzaji. Iwashwe ikiwa baridi, atazame moshi. Alale chini aangalie kutu ya chesi. Alinganishe namba ya chesi na ile ya karatasi. Ikiwa mita inasema kilometa chache lakini pedali na kiti cha shofere vimelika, amini pedali.

Mbili: kwenye karte rozi pawe jina la chama, si la mkwe, si la mume wa prezidente, si la mtu "kwa muda tu". Tangu sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliyogeuza Kodi ya Familia, mama aliyeolewa hahitaji tena kuomba ruhusa ya mume ili aweke sahihi kwenye mkataba. Ila mambo yanayowafunga wote wawili, mke na mume wapatane. Ongeeni nyumbani mapema. Gari ya wamama iliyoandikwa jina la mtu mmoja, siku ya msiba au ya ugomvi ni gari ya mtu huyo.

Tatu: mchague shofere kwa bidii ile ile ya kuchagua gari. Asinywe, asichukue abiria wa njiani, asiongee habari za mgeni mmoja kwa mgeni mwingine. Mteja wetu mmoja alirudi mara tatu, na alipoulizwa sababu hakutaja viti. Alisema shofere alimngoja saa mbili bila kununa.

Nne: kila siku ya kazi iandikwe, na daftari lisomwe mbele ya wote kila mwisho wa mwezi, hata na mama asiyejua kusoma. Yeye ana masikio, na dola 2 zake ni sawa na za mwingine.

Mkutano ujao ni siku ya posho, saa nane, chini ya mwembe ule ule. Mama mtunza sanduku ataleta daftari la mwezi wa tatu. Njooni na kalamu, na yule mama mwenye mkwe Kampala aje pia: tunamhitaji, tumeshamwomba mkwe atuulizie bei ya Prado.