Gauni la Harusi Moja



Msimu wa harusi ukiwadia, mafundi wetu wa cherehani hawalali. Dada wa bibi harusi wana sare yao, mama na rafiki zake wana yao, na upande wa bwana harusi nao una rangi yake. Gauni hushonwa, huvaliwa usiku mmoja, kisha hukunjwa na kutiwa sandukuni. Harusi ya pili ikija, huambiwa: hilo lishaonekana.

Neno hilo lina gharama. Wako kina mama wanaochukua mkopo wa chama ili walipie sare, na wako wanaobakia nyumbani siku ya furaha ya jamaa zao kwa kuwa hawakuweza kulipa. Undugu unaoingia doa kwa ajili ya kitambaa ni hasara iliyo kubwa kuliko pesa.

Hasara nyingine iko nje ya nyumba zetu. Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba ulimwengu huzalisha tani milioni 92 za taka za nguo kila mwaka. Magauni mengi ya sare ni ya poliesta, nayo hutokana na mafuta yale yale yanayotengenezewa plastiki. Likitupwa haliozi upesi. Likichomwa hutoa moshi wenye sumu. Na kila likifuliwa huachia nyuzi ndogondogo ambazo hufuata maji hadi baharini. Sisi watu wa pwani ndio wenye kula samaki wa bahari hiyo.

Dini yetu haikutukataza kupendeza. Katika Sura ya Al-A'raf, aya ya 31, Mwenyezi Mungu anatuamrisha tuchukue mapambo yetu tunapokwenda kwenye ibada, na katika aya hiyo hiyo anatukataza israfu. Naye Bibi Aisha (R.A.), alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Basi nguo iliyorekebishwa ina aibu gani?

Tulitoeni gauni sandukuni, tulitazame upya.

Kwanza, litambuliwe kitambaa. Chomoa uzi mmoja kwenye upindo wa ndani, uuchome juu ya sahani, mbali na watoto. Ukinuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, ni pamba. Ukiyeyuka na kuacha punje ngumu, ni poliesta. Pamba hustahimili pasi ya moto na hukubali kutiwa rangi upya; poliesta haishiki rangi za kawaida, na pasi ikizidi moto huiharibu.

Pili, lifumuliwe kabla ya kukatwa. Mkasi haurudi nyuma, lakini mshono uliofumuliwa hurudishwa. Fumua polepole, weka kando zipu, vifungo na bitana, kisha fua na upige pasi ndipo upime.

Tatu, lichaguliwe umbo jipya. Gauni linalobana huongezwa kikwapa, au ukanda wa kitambaa kingine ubavuni. Lililo wazi mabegani hutiwa mikono yenye bitana, likapata sitara. La lesi au shifoni hupasuliwa mbele kutoka shingoni hadi chini, likatiwa taraza, likawa joho la kuvaliwa juu ya gauni la rangi moja. Lililochanika kifuani, sketi yake pana hutosha gauni la Idi la binti mdogo. Vipande vinavyobaki vifae foronya za mito na mifuko ya kuhifadhia misahafu.

Kazi hii haihitaji elimu mpya. Bibi zetu walijua kwamba leso ina umri mrefu. Ikiwa mpya ni vazi la kutokea. Ikizeeka ni mbeleko. Ikilainika zaidi hukatwa ubinda wa mtoto. Na mwisho huwa tambara la jikoni. Hapana aliyewacheka. Wahenga nao walituachia neno: usitupe mbachao kwa msala upitao.

Asiyejua kushona asikate tamaa. Ujira wa fundi wa kurekebisha kwa kawaida ni mwepesi kuliko bei ya kitambaa kipya pamoja na ushonaji wake, na pesa hiyo hubaki mtaani mwetu. Mpelekee kazi mapema, kabla ya msongamano wa Idi, na umweleze unalotaka gauni likiwa mkononi.

Kwa familia zinazojiandaa kwa harusi tuna ombi moja: tangazeni rangi, msitangaze kitambaa. Mkisema kijani, kila mmoja atatafuta kijani alichonacho: huyu joho, yule mtandio, mwingine gauni lake la mwaka juzi lililotiwa mikono mipya. Ukumbi utapendeza vilevile, na yule jirani ambaye angebaki nyumbani atakuja kuwapigia vigelegele.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kushukuru neema Zake kwa kuzitunza. Wabillahi tawfiq.