Kitabu Kirudi Kinywani

Miongoni mwa mambo yanayoudhoofisha utamaduni wa taifa letu, lipo moja lisilotajwa sana mikutanoni, nalo ni ukimya wa vitabu mashuleni. Mtoto wa darasa la kwanza husomewa. Mwalimu hushika kitabu, hutamka, na darasa zima huitikia. Lakini afikapo darasa la tatu, akishaweza kuunganisha silabi, sauti ya mwalimu hukoma. Tangu siku hiyo hadithi humjia kwa sura moja tu, ya maswali ya kujibu. Nasema waziwazi kwamba desturi hiyo ni mbaya, na makala haya yameandikwa ili kuipinga.

Kwanza, desturi hiyo si yetu. Utenzi hutungwa upate kuimbwa. Msimulizi akisema "Paukwa", haendelei mpaka wasikilizaji waitikie "Pakawa". Hata hadithi za Kiswahili zilizotangulia kupigwa chapa zilitoka vinywani mwa watu. Edward Steere alizisikiliza Unguja, akaziandika, zikachapishwa London mwaka 1870. Miaka sita baadaye, mwaka 1876, Steere huyo huyo aliwaleta Masasi watu waliokombolewa kutoka utumwani, wakaanzisha makazi hapo. Hadithi zilikuwako Masasi kabla yake, kwa lugha za wenyeji. Herufi ndizo zilizokuja kama mgeni. Basi ni ajabu kwamba mgeni huyo ameachwa amfukuze mwenye nyumba, na hadithi iliyozaliwa kinywani imefungiwa ndani ya karatasi.

Tazama hali ya mtoto wa Lupaso, wilayani Masasi, au ya mwenzake wa Newala, juu katika uwanda wa Makonde. Wengi wao nyumbani husikia Kimakua, Kiyao au Kimakonde. Kiswahili cha sokoni hukipata upesi, nacho humtosha kuuzia korosho na kuulizia nauli. Lakini Kiswahili cha kupima haki na dhuluma, cha kueleza husuda, majuto na msamaha, hakiuzwi sokoni. Hicho kimo katika vitabu, tena mtoto hukipata kwa sikio kabla ya jicho, maana neno asilopata kulisikia likitamkwa na mtu mzima mwenye hisia hulipita akisoma kama mtu apitaye mlango uliofungwa.

Lupaso si kijiji kigeni kwa kalamu. Hapo ndipo alipozaliwa Benjamin William Mkapa mwaka 1938, mtu aliyesoma fasihi ya Kiingereza Makerere, akawa mhariri wa magazeti, akaongoza nchi tangu 1995 hadi 2005, na hapo ndipo alipozikwa Julai 2020. Katika uongozi wake ada ya shule za msingi ilifutwa, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ukawaingiza watoto wengi madarasani. Milango ya shule ilifunguliwa. Neno linalotukabili ni nini humngoja mtoto ndani.

Wapo wasemao kwamba mtoto anayejua kusoma hahitaji kusomewa. Hoja hii ni nyepesi. Kijana ajuaye kuimba hakatazwi kumsikiliza manju. Mwanafunzi wa darasa la tano husoma kwa kujikwaa, nguvu zake zote zikiishia katika maneno, wala hazibaki za kuifuata maana. Akisomewa, hukutana na kitabu kilicho juu ya kimo chake, naye hurefuka ili akifikie.

Wapo wasemao kwamba muda ni wa mtihani. Nawauliza: mtihani hupima nini, kama si ufahamu wa lugha? Dakika kumi na tano za kusomewa hazimwibii mwanafunzi kitu. Na anayeingia kidato cha kwanza, ambako masomo hugeuka ghafla kuwa ya Kiingereza, ana haja kubwa zaidi ya sauti ya Kiswahili bora, asije akapoteza lugha moja kabla ya kuipata ya pili.

Wapo wanaolalamika kwamba vitabu hakuna. Malalamiko haya yana ukweli, lakini ndiyo yanayonipa ushindi. Kusoma kimya kwahitaji vitabu sitini kwa watoto sitini. Kusoma kwa sauti kwahitaji kitabu kimoja na mwalimu mmoja aliyejiandaa. Hakuna njia nafuu kuliko hiyo kwa shule maskini.

Wengine husema kwamba vitabu vya zamani vimejaa kasumba. Baadhi, naam. Mashimo ya Mfalme Sulemani, kilichofasiriwa na Frederick Johnson mwaka 1929, humtazama Mwafrika kwa jicho la bwana mkubwa. Kisomwe kwa vijana wa sekondari, kisha kihojiwe. Kijana asiyepata kuisikia dharau ikizungumza Kiswahili fasaha ataitambuaje kesho? Lakini pamoja na hicho tunacho Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Liwali mwema huwachapa manyani wawili kila usiku, kisha huwalisha huku akilia. Na manyani hao ni ndugu zake wa damu waliomtosa baharini kwa wivu. Lisomee darasa sura ya manyani hao, ufunge kitabu kengele inapolia, uone kama kesho kutakuwa na mtoro. Darasa litabishana lenyewe: je, ni haki kumwadhibu ndugu? Mwandishi huyo, ambaye naye alikuwa mtumishi wa serikali, hakuandika ili tujaze nafasi zilizoachwa wazi.

Ndugu walimu, kazi hii yataka maandalizi. Usikisome mbele ya watoto kitabu usichokisoma peke yako jana yake. Mpe kila mhusika sauti yake. Usikatize hadithi kwa maswali ya sarufi. Nanyi wanafunzi wa sekondari, rudini likizo na kitabu mkononi. Wasomeeni wadogo zenu, na bibi ambaye hakupata shule, kisha mwombeni naye awasimulie yake kwa lugha yake, nanyi mziandike.

Sisi watumishi wa umma tusijitoe katika lawama. Taifa lililounda Wizara ya Utamaduni mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru, haliwezi kuridhika kwamba utamaduni ni ngoma za kuwapokea wageni. Kipindi cha kusomewa hadithi na kiwekwe katika ratiba, kila juma, tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne, wala kisihesabiwe kuwa mapumziko. Wakaguzi waendapo Lupaso na Newala waulize idadi ya madawati, kisha waulize pia: juma hili watoto hawa wamesomewa kitabu gani?