Injini Ikizima Juu ya Ganze

Tarehe 10 Januari 2025 ndege ndogo ya mafunzo ilianguka Kwachocha, Malindi, kwenye barabara kuu ya kwenda Mombasa. Waliokuwa ndani walinusurika. Waliofariki ni watu watatu waliokuwa chini. Hatuandiki ili kuhukumu mkasa ule. Kazi hiyo ina wenyewe, Idara ya Uchunguzi wa Ajali za Ndege. Ila hesabu ile, walio juu wapone na walio chini wazikwe, ndiyo sababu toleo hili linazungumzia ndege nyepesi mbele ya wasomaji ambao wengi wao hawajawahi kupanda hata moja.

Ajali ikitokea tunaambiwa "hitilafu ya injini", basi, yamekwisha. Ni jibu la kivivu. Injini haizimwi na mashetani. Mara nyingi ni mafuta: yameisha, au yamo tangi la kulia na vali imeachwa kushoto, au yameingia maji. Ndiyo maana kabla ya kuruka rubani huinama chini ya bawa akakinga mafuta kidogo kwenye kikombe cha kuonyesha ndani. Petroli ya ndege ina rangi ya samawati. Maji yakiwemo hujikusanya chini, hayana rangi. Anayepuuza hilo katika unyevu wa Pwani anacheza kamari, tena kwa roho za wenzake.

Kisha kuna barafu. Naam, barafu, Malindi hii hii! Hewa ikipita kwenye koo la kabureta huweza kupoa kwa zaidi ya nyuzi 20, na mvuke wa bahari ukaganda humo humo, hasa rubani anapopunguza moto ili ashuke. Dawa yake ni kufungulia hewa ya joto mapema, maana joto hilo hutoka kwa injini yenyewe, na ikishazima halipo.

Hata hivyo, injini kuzima si kuanguka. Cessna 172 iliyo futi 3,000 juu ya ardhi inaweza kuelea kilomita 8 hivi. Beryl Markham, rubani aliyekulia Kenya, injini ilimzimikia Septemba 1936 baada ya kuvuka Atlantiki peke yake. Akatua kwenye kinamasi huko Nova Scotia, Kanada, akatoka hai. Kinamasi kile hakikuwa na mtu.

Sisi je? Ukitoka Malindi kuja bara unapita juu ya Arabuko-Sokoke, zaidi ya kilomita 400 za mraba za msitu. Ukiumaliza unaingia Ganze: vichaka, nyaya za umeme, mashamba ya mahindi, nyumba hapa na pale. Peupe panapomvutia rubani mwenye shida ni uwanja wa shule, na saa nne asubuhi uwanja huo una watoto.

Kwa hiyo tunadai mambo mawili. Ripoti za uchunguzi zitolewe pia kwa Kiswahili, zisomwe barazani. Na kaunti iache kuidhinisha majengo kwenye ncha za njia ya kurukia Malindi. Nawe msomaji, ndege ikikuangukia shambani, okoa watu, zima sigara, kaa mbali na rafadha, wala usiokote hata skrubu moja: wachunguzi wataihitaji.