Numero ya kodi isibaki ya watu wa Makiso peke yao

Kwetu Kabondo, biashara inazaliwa asubuhi moja. Mtu anaweka meza mbele ya lupango, anapanga makala katika mifuko midogo, ao anatoa mashini yake ya kushona chini ya mwembe, ao anaunganisha paneli ya jua na batri kwa kuchaji telefoni za majirani. Jioni amekwisha kuuza. Lakini karatasi za biashara ile ile zina safari yao nyingine: zinachukua miezi, ao hazifiki hata siku moja.

Leo tunataka kusema juu ya karatasi moja kati ya hizo: numero ya kodi, ile inayoitwa kwa Kifaransa numéro impôt. Wengi wanafikiri ni jambo la makampuni makubwa na la watu wa Makiso, kule ambako kuko mabiro ya Leta. Sisi tunasema hapana. Numero ile ni haki ya mwuzaji mdogo kabla ya kuwa mzigo wake, na Leta inapaswa kuileta mpaka Kabondo, kwa bei na masharti yaliyobandikwa ukutani ili kila mtu asome.

Tuanze na yale sheria inasema. Sheria namba 004/2003 ya tarehe 13 Machi 2003 inaamuru kila mtu na kila kampuni inayopaswa kulipa kodi ijitambulishe na kuomba numero ndani ya siku 15 tangu kuanza kazi. Numero yenyewe ni fupi: herufi A, tarakimu 7, kisha herufi moja ya mwisho. Haifanani na patanti, hata kama watu wanazichanganya kila siku. Patanti ni ruhusa ya kufanya biashara ndogo, nayo inatoka katika sheria ya tarehe 2 Agosti 1979 juu ya biashara ndogo ya wananchi. Mama anayeuza mchele anaweza kuwa na patanti nzuri, iliyolipwa kila mwaka, na kwa biro ya kodi akabaki mtu asiyejulikana.

Hasara yake iko wapi? Iko katika fakitire. Siku shule inapotafuta mabenchi, ao hospitali inapotaka mashuka, ao shirika linapotaka chakula cha semina, swali la kwanza linakuwa moja tu: «Uko na numero ya kodi?» Seremala wa Kabondo anajua kutengeneza benchi lile kuliko mtu yeyote, mbao anazo, vijana wa kupiga randa anao. Lakini hana numero. Basi kazi inakwenda kwa mtu mwenye karatasi katikati ya mji, ambaye hana hata msumeno. Yule anaandika fakitire, anachukua sehemu yake kubwa, kisha anarudi Kabondo kumpa seremala wetu kazi ile ile kwa bei ya chini. Benchi linatengenezwa Kabondo, faida inalala kwingine. Mambo haya tunayaona kila wakati, na kila anayefanya kazi ya mikono katika komini yetu anaweza kuhadithia ya kwake.

Wengine wanafikiri wamepata dawa: wanaazima numero ya rafiki ao ya shemeji. Tunawaambia wazi, dawa hiyo ni sumu. Kila fakitire inayoandikwa kwa numero ya mtu inahesabiwa kama mauzo yake yeye. Siku ya kontrola, mwenye numero anaulizwa kodi ya makuta ambayo hakuyaona, na mwenye kufanya kazi anabaki bila ushuhuda wowote kwamba alifanya. Urafiki mingi umekufa kwa njia hiyo.

Sasa, kwa nini watu hawaombi numero yao? Tusikubali jibu la haraka linalosema kwamba watu wa Kabondo hawapendi kulipa. Wanalipa! Wanalipa tiketi ya soko, wanalipa usafi, wanalipa kibao kilichoandikwa jina la duka, wanalipa mtu aliyekuja na daftari, na kesho yake wanalipa mwingine aliyekuja na daftari la rangi nyingine. Wanalipa tangu asubuhi mpaka jua kuzama, lakini wanalipa bila uso, na mara nyingi bila kitansi. Ndiyo maana katika soko utasikia neno hili: «Ukijionyesha kwa Leta, batakukula.» Mtu anaogopa kwamba numero haitaondoa hata daftari moja kati ya yale, itaongeza tu lingine juu yake. Hofu hiyo haikutoka hewani, na anayetaka watu waandikishwe lazima aijibu kwanza.

Jibu la sehemu ya kwanza liko ndani ya sheria, lakini nani aliyelisoma Kabondo? Sheria namba 13/006 ya tarehe 23 Februari 2013 iliweka utaratibu wa peke yake kwa biashara ndogo. Mwenye kuuza kwa mwaka mzima yasiyopita franga milioni 10 aliwekewa kodi moja ya jumla: franga 50.000 kwa mwaka. Tugawanye pamoja: haifiki franga 140 kwa siku. Mwenye kupita milioni 10 lakini asiyepita milioni 80 aliwekewa 1 kwa mia ya mauzo kama anauza bidhaa, na 2 kwa mia kama anauza kazi ya mikono yake. Na TVA ya 16 kwa mia, iliyoanza tarehe 1 Januari 2012, iliwekwa kwa wale walio juu ya milioni 80. Kwa hiyo mshonaji wa chini ya mwembe hakuandikiwa mzigo wa kampuni ya simu. Lakini kwa kuwa hakuna aliyemwambia, anakimbia simba ambaye kwake yeye ni paka.

Kuna wanaotuambia kwamba jambo hili limekwisha kutengenezwa na Guichet Unique de Création d'Entreprise, gishe moja iliyoundwa kwa dekreti mwaka 2012. Kweli, fikira ile ilikuwa nzuri: pahali pamoja, mtu apate RCCM, kitambulisho cha taifa cha biashara na numero ya kodi, bila kuzunguka biro moja moja. Katika ripoti ya mwaka 2015 juu ya urahisi wa kufanya biashara, Banki ya Dunia iliweka inchi yetu kati ya 10 zilizofanya maendeleo mengi zaidi. Tulifurahi. Lakini ripoti ile ilikuwa inapima mji mkubwa wa biashara wa inchi, ni kusema Kinshasa. Kabondo haikupimwa. Hakuna aliyehesabu safari ya toleka ao ya pikipiki toka kwetu mpaka Makiso, fotokopi ya karte ya uchaguzi, picha, kisha lile neno tunalolijua wote: «Utarudia kesho.» Mwuzaji wa makala akifunga meza yake siku 3, watoto wanakula nini siku ya 4?

Hapo katikati ndipo anapoingia yule mtu wa kusaidia, mwenye dosie kwapani. Anaomba makuta kwa karatasi ambazo hata yeye hajui bei yake. Wengine wanafanya kazi kwa uaminifu, hatukatai. Lakini mtu asiyejua bei hawezi kujua kama ameibiwa. Tangu zamani za Zaïre tunasema «artikle 15», kila mtu ajitafutie. Kwa chakula artikle 15 imetuokoa mara nyingi. Kwa mambo ya kodi inatumaliza, sababu mwenye kujitafutia mlango wa nyuma analipa zaidi kuliko aliyepita mlango wa mbele, na hapati karatasi ya kuonyesha.

Mama zetu wana mwiba wao mwingine. Mpaka leo kuna mama anayeambiwa alete barua ya bwana wake kabla ya kuandikisha biashara. Mama, usikubali. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016, iliyogeuza Sheria ya Jamaa, iliondoa ruhusa ile ya bwana. Anayeidai leo anadai kitu kilichokufa. Na kwa kuwa wamama ndio wengi sokoni kwetu, kila ofisi inayowarudisha nyumbani kwa barua ile inarudisha nyumbani nusu ya biashara ya Kabondo.

Wakubwa watatujibu: watumishi ni wachache, umeme unakatika, tena wauzaji wenyewe wanadanganya adresi, leo wako hapa, kesho wamehama. Hilo la adresi ni kweli, na ni zito, sababu biro ya kodi inataka kujua biashara iko wapi kwa hakika. Lakini nani anajua watu wa barabara kuliko shefu wa avenyu na shefu wa kartie? Wao ndio wanaoandika kila siku karatasi za makao. Wakae meza moja na ajenti wa kodi, siku moja kwa juma, katika nyumba ya komini ya Kabondo. Asubuhi dosie zipokelewe, juma linalofuata majibu yarudi pale pale. Kazi hiyo haiombi jengo jipya. Inaomba meza, daftari, na mtu wa Leta atakayekubali kuvuka mji mara moja kwa juma, badala ya watu mamia kuuvuka kila mmoja kwa makuta yake.

Ndugu zetu wanaoshuka mpaka Dar es Salaam kununua bidhaa wanajua kwamba Tanzania numero kama hiyo, wanayoiita TIN, inatolewa bure, na kule pia mwenye biashara anapewa siku 15 za kuiomba. Siku ni zile zile. Tofauti ni kwamba kule neno «bure» linatangazwa kwa sauti, hata mwuza karanga analijua.

Kuna jambo la pili, na bila hilo meza ya komini itakaa tupu. Orodha ya kodi zote za jimbo na za komini iliwekwa na sheria namba 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018. Na Katiba yetu, artikle 174, inasema kodi haiwezi kuwekwa isipokuwa kwa sheria. Basi tunaomba orodha ile ibandikwe kwenye ukuta wa komini na kwenye mlango wa soko, kwa Kiswahili na kwa Lingala, pamoja na bei na jina la biro inayopokea. Mwenye numero na kitansi chake mkononi aweze kumwambia mwenye daftari: «Nionyeshe yako iko mstari gani.» Siku ile numero itakuwa ngao, na hata wale wanaojificha leo watakuja wenyewe kuiomba.

Nasi pia tuna deni. Katiba ile ile, artikle 65, inasema kila Mkongomani ana wajibu wa kulipa kodi zake. Hatuwezi kulia juu ya mashimo ya avenyu zetu na maji yanayoingia nyumbani kila mvua, huku tukijificha nyuma ya numero ya shemeji. Wenye kazi moja, maseremala, washonaji, mafundi wa pikipiki, wajikusanye, wachague wawili kati yao, waende kuuliza masharti kwa maandishi na kurudi kuyaeleza kwa wengine. Kitansi kila mara, ao makuta yasitoke mfukoni.

Kwa mkubwa wa komini na kwa biro ya kodi ya Kisangani, ombi letu ni fupi: meza moja, siku moja kwa juma, orodha moja ukutani. Waanze na soko letu. Baada ya miezi 6 wahesabu numero zilizotolewa na makuta yaliyoingia, kisha watuambie kama Kabondo ilikataa kulipa.